Mjadala: Je, Nairobi bado ina nafasi ya redio mpya za FM?

Wandugu, kila anayetaka kufungua redio Nairobi huambiwa masafa yameisha. Naomba tulijadili jibu hilo, maana kwangu ni nusu ya ukweli.

Ni kweli bendi ni finyu. FM inaanzia 87.5 na kuishia 108 MHz. Kuanzia hapo kwenda juu ni mawasiliano ya ndege, na huko hakuguswi. Zungusha redio polepole ukiwa mjini: Hope FM 93.3, Milele 93.6, BBC 93.9. Chomeka nyingine katikati yao, na redio ya bei nafuu itatoa sauti mbili kwa pamoja.

Lakini masafa yamemwishia nani? Yamemwishia anayetaka kusikika jiji zima. Koch FM ilianza Korogocho mwaka 2006, studio ikiwa ndani ya kontena, na inasikika 99.9. Nenda Kibera, 99.9 hiyohiyo ni Pamoja FM. Zinaishi pamoja kwa sababu mitambo yao ni ya nguvu ndogo, na redio ya FM ikikuta mawimbi mawili kwenye masafa yaleyale hushika lile lenye nguvu zaidi na kulinyamazisha jingine. Kwa hiyo masafa ambayo mwekezaji mmoja angeyatandaza hadi Thika yanatosha mitaa kadhaa.

Pendekezo langu: kila masafa yanayorudishwa au kunyang'anywa yasipigiwe tena hesabu ya jiji zima. Yakatwe kimtaa. Ibara ya 34 ya Katiba inatoa uhuru wa kuanzisha vyombo vya utangazaji, na leseni ziwe zile tu zinazohitajika kusimamia mawimbi. Mtu asinyimwe leseni kabla njia hii haijajaribiwa.

Jibu la kwanza
Umesahau wanaoishi katikati. Mawimbi hayajui mpaka wa mtaa. Pale ambapo mitambo miwili inafika kwa nguvu karibu sawa, msikilizaji hapati yeyote, anapata mkoromo tu. Na ghorofa zinavyoota Eastlands, wimbi dogo linakwama ukutani. Ukikata vipande vingi mno utakuwa na redio nyingi zisizosikika.

Jibu la pili
Mimi nashangaa bado tunagombania FM. Norway ilizima FM za kitaifa mwaka 2017 ikahamia dijitali, ambako mtambo mmoja hubeba stesheni nyingi. Wanaoanza sasa waende huko au intaneti.

Jibu la tatu
Ndugu wa dijitali, nani atamnunulia mama muuza mboga redio mpya? Ile aliyonayo inatumia betri mbili na haimli bando. Shida ninayoiona mimi ni pesa. Nimejitolea kwenye redio ya mtaa: leseni tulikuwa nayo, kodi ya chumba na umeme vikatushinda. Makampuni hupeleka matangazo yao kwa stesheni kubwa. Mkigawa masafa bila kufikiria hilo, mtafungua redio zitakazokufa, au zitakazochukuliwa na mwanasiasa mwenye hela ya jenereta.

Mleta mada
Hoja ya mkoromo naikubali, na dawa yake ni kuachanisha mitaa inayotumia masafa mamoja, kama Korogocho na Kibera zilivyo pande mbili za jiji. Mitaa jirani ipewe masafa tofauti. La mwanasiasa linanitisha zaidi, kwa sababu redio ya mtaa ndiyo watu huikimbilia usiku wa vurugu. Hapo leseni iseme wazi kwamba mmiliki ni jamii na haiuziki.

Sasa tusaidiane kwa jambo moja: walioko Mathare, Mukuru, Kayole na Dandora, wekeni redio zenu 99.9 jioni ya leo, kisha mwandike hapa mnasikia nani, au kama pako kimya.