Mtu akitoka Uislamu kwa hiari, kwa nini aishi kwa uoga?

Wakuu, naomba kuelewa. Qur'ani, sura ya Baqara aya ya 256, inasema hapana kulazimisha katika dini, sasa mbona aliyetoka anatishiwa, anatengwa na ndugu, wengine hadi kuuawa?

Jibu la kwanza
Sheikh atakwambia aya hiyo ni ya kuingia, sio kutoka. Wanashika hadithi ya Bukhari, yaani maneno ya Mtume aliyoyakusanya Bukhari, anayebadili dini auawe. Ila kuna wanazuoni wanaosema ilihusu waliohamia upande wa adui wakati wa vita, maana Qur'ani yenyewe haijataja adhabu ya hapa duniani, inataja ya akhera tu

Jibu la pili
Mimi ni Muislamu na naswali, ila imani ya kushikiwa panga ni unafiki mtupu. Sudan walimhukumu kifo Meriam Ibrahim, mwanamke aliyeshtakiwa kutoka Uislamu, 2014 akiwa mjamzito, akaachiwa baada ya kelele za dunia, na 2020 wakaifuta hiyo adhabu kabisa, kwa hiyo inawezekana

Jibu la tatu
Sheria kufutwa sawa, lakini nani atamzuia mjomba mwenye hasira? Wengi wanaogopa familia kuliko mahakama. Ukiwa bado unakula kwao usitangaze, jipange kwanza

Muuliza swali
Hilo la familia ndo lenyewe aisee