Serebela: seli inayozuia inaongozaje mwendo, na kwa nini dosari ya kulia huonekana kulia?

MD_MwakaPili

Wakuu, heshima kwenu. Nasoma serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni. Majina ya sehemu zake nimeshayashika. Ninapokwama ni kwenye kuifuata ishara.

Kwanza, vitabu vinasema seli ya Purkinje ndiyo njia pekee ya kutoka kwenye gamba la serebela, na kwamba kazi yake ni kuzuia. Sasa kitu kinachozuia tu kinaongozaje mwendo? Pili, kuna nyuzi za mosi na nyuzi tambazi. Zote zinaingia, zote zinachochea. Aina mbili za nini? Tatu, kiharusi cha ubongo mkubwa upande wa kulia kinalemaza kushoto, lakini cha serebela ya kulia kinaharibu mkono wa kulia. Kukariri hilo naweza, ila mwalimu anataka njia kituo kwa kituo. Msaada tafadhali.

Maikroskopu

Mkuu, anza na gamba, ukilielewa hilo mengine yatafuata.

Gamba lina matabaka matatu. Nje ni tabaka la molekuli, lenye seli chache na nyuzi tele. Katikati ni safu moja tu ya seli za Purkinje. Ndani ni tabaka la graniuli, vijiseli vidogo vilivyosongamana hadi kwenye slaidi unaona zambarau tupu. Usiidharau zambarau hiyo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 iliukadiria ubongo wa mtu kuwa na nyuroni bilioni 86 hivi, na bilioni 69 kati ya hizo zimo kwenye serebela, karibu zote zikiwa graniuli. Na serebela yenyewe ina gramu 150 tu, kama sehemu ya kumi ya ubongo wote.

Nyuzi za mosi zinatoka kwingi: viini vya ponsi, uti wa mgongo, viini vya vestibula (vya usawa wa mwili), retikula ya shina la ubongo. Haziigusi Purkinje moja kwa moja. Zinaishia kwenye vinundu viitwavyo glomeruli, ambamo kila graniuli inachomeka dendraiti zake (matawi ya kupokea ishara) fupi, nne hivi. Graniuli nayo inapandisha aksoni (uzi wa kutoa ishara) hadi tabaka la molekuli, inagawanyika kwa umbo la T, na matawi hayo mawili ndiyo uzi sambamba, unaokwenda milimita kadhaa kufuata urefu wa kunjo. Purkinje moja inapokea nyuzi sambamba 150,000 hadi 200,000. Kila mmoja peke yake hauna nguvu ya maana. Jumla yake ndiyo inayopandisha au kushusha midundo ya kawaida ya Purkinje, ambayo ni makumi kwa sekunde.

Uzi tambazi una tabia nyingine kabisa. Unatoka mahali pamoja tu, oliva ya chini ya upande wa pili, na kwa mtu mzima kila Purkinje ina uzi tambazi mmoja, basi. Lakini huo mmoja unayapanda matawi makubwa ya Purkinje na kuyashika kwa mamia ya sinapsi (viungo vya seli na seli). Ukipiga, Purkinje haina hiari, inatoa mpigo changamano. Hilo hutokea kama mara moja kwa sekunde, na kwa kasi ndogo hivyo uzi huu hauwezi kubeba undani wa mwendo. Ndiyo hoja iliyowafanya David Marr mwaka 1969 na James Albus mwaka 1971 kusema kwamba uzi tambazi ni mwalimu: unaiambia Purkinje ni sinapsi zipi za nyuzi sambamba zibadilishwe. Marr alidhani zinaimarika, Albus akasema zinadhoofika. Masao Ito na wenzake walionyesha mwaka 1982 kwamba zikipigwa pamoja mara kwa mara, za uzi sambamba zinadhoofika kwa muda mrefu. Mjadala haukuishia hapo, maana mabadiliko yametambuliwa kwenye sinapsi nyingine pia, ila kwa mtihani wako huo ndio uti wa hoja.

Sasa swali lako la kwanza. Kosa ni kudhani viini vya ndani ya serebela, ambavyo Purkinje inavizuia, vimekaa kimya vikisubiri amri. Vinapiga vyenyewe, na juu ya hapo vinachochewa na matawi ya pembeni ya nyuzi za mosi na tambazi zikiwa njiani kuelekea kwenye gamba. Purkinje ni breki kwenye gari ambalo tayari linatembea: kukanyaga na kuachia kwa wakati wake ndiko kunakochonga mwendo. Breki ikifa mwendo haupotei. Unakosa kipimo, na ndiyo maana mgonjwa wa serebela hapoozi, bali anapitiliza.

Chaki_na_Ubao

Maikroskopu kamaliza sehemu kubwa. Naongeza yale yanayokosewa kwenye karatasi za mtihani.

"Graniuli ndiyo seli pekee inayochochea kwenye gamba" si sahihi kabisa. Kuna seli za brashi moja, zimejaa hasa kwenye lobu ya flokulonodula, nazo zinachochea. Zinazozuia ni Purkinje, seli za kikapu, seli za nyota na seli za Golgi. Vitabu vinene vitakuongezea seli za Lugaro. Za kikapu zinaishika Purkinje kwenye mwili wake, za nyota kwenye dendraiti. Golgi hairudi kwa Purkinje, inairudia graniuli ndani ya glomeruli na kupunguza kinachopita.

Pia si kila Purkinje inaishia kwenye viini vya ndani. Za flokulonodula, na baadhi za vermisi (sehemu ya katikati ya serebela), zinakwenda moja kwa moja kwenye viini vya vestibula. Ndiyo sababu dosari ya huko inaonekana kwenye macho na usawa kabla ya kuonekana mikononi.

Viini vya ndani, kutoka pembeni kwenda kati: dentati, emboliformi, globosi, fastigiali. Hemisferi ya pembeni inatoka kupitia dentati, eneo la kati kupitia emboliformi na globosi, vermisi kupitia fastigiali.

Vikonyo sasa, yaani mashina matatu yanayounganisha serebela na shina la ubongo. Cha kati ndicho kikubwa kuliko vyote na kinaingiza tu, kutoka viini vya ponsi vya upande wa pili. Cha chini kinaingiza zaidi: njia ya nyuma ya spinoserebela (kutoka uti wa mgongo hadi serebela), nyuzi za oliva, habari za vestibula, ila zipo zinazotoka humo kwenda viini vya vestibula. Cha juu kinatoa zaidi, na hapa ndipo watu wanapoteza alama, kwa sababu njia ya mbele ya spinoserebela inaingilia humo humo. Ukiandika "cha juu kinatoa tu" umekosea.

Swali la tatu. Chukua serebela ya kulia na hesabu mikato, yaani mahali njia inapovuka kwenda upande wa pili:

Gamba la kulia → dentati ya kulia → kikonyo cha juu cha kulia → kinavuka kwenye ubongo wa kati, usawa wa kolikulasi za chini → kiini chekundu na thalamasi ya kushoto → gamba la mwendo la kushoto → njia ya piramidi → inavuka chini ya medula → mkono wa kulia.

Mikato miwili, umerudi ulikoanza. Kuingia nako kunafuata hesabu hiyo: gamba la ubongo mkubwa la kushoto linashuka kwenye viini vya ponsi vya kushoto, aksoni zinavuka, zinaingia kikonyo cha kati cha kulia. Habari za mguu wa kulia zinazopanda na njia ya nyuma, kutoka safu ya Clarke, hazivuki kabisa. Zile za njia ya mbele zinavuka kwenye uti wa mgongo, halafu nyingi zinavuka tena ndani ya serebela.

Mtego wa mtahini ni kuiweka dosari *baada* ya mkato wa kwanza. Kiini chekundu cha kushoto kikiharibika, ataksia (mwendo usio na mpangilio) inakuwa kulia, na neva ya tatu inayopita pale pale inalegea kushoto: kope limeanguka, jicho limegeukia upande wa nje. Hiyo ni sindromu ya Claude. Kwa hiyo usiandike "serebela ni upande uleule" ukafunga daftari. Uliza kwanza dosari iko chini au juu ya mkato.

Maikroskopu

Kuhusu slaidi, maana najua kuna mtihani wa vitendo. Kwa rangi ya H&E (hematoksilini na eosini) utaona mwili wa Purkinje lakini matawi yake hutayaona vizuri, mpaka upate slaidi iliyotiwa rangi ya fedha. Na kwenye ya fedha angalia imekatwa upande gani. Matawi ya Purkinje yametandazwa bapa, yakikingama na urefu wa kunjo. Kunjo zinakwenda kulia-kushoto, hivyo mkato wa mbele-nyuma unaonyesha matawi yote kwa upana na nyuzi sambamba kama nukta. Geuza mkato, matawi yanakuwa membamba na nyuzi zinakuwa mistari. Wengi huandika "Purkinje zimesinyaa" kumbe ni upande wa mkato.

Jingine ni maiti iliyochelewa kwenye joto. Tabaka la graniuli huoza mapema kuliko jirani zake, likapauka na viini vya seli vikafifia. Usikimbilie kuandika ugonjwa. Upungufu wa kweli wa Purkinje, tuseme baada ya kukosa oksijeni, huacha dalili: glia za Bergmann (seli za msaada) zimeongezeka kwenye ile safu. Zambarau ikipauka bila glia kuitikia, lawama ni ya muda na joto.

Sumu ya zebaki-methili kwa upande wake inaua graniuli kweli, Purkinje zikibaki kwa kiasi kikubwa. Minamata kule Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956, ndio mfano wa vitabuni.

Kumwona dentati kwa macho: ubongo ukae kwenye formalini ya 10% wiki mbili hivi, ukining'inizwa kwa uzi uliopitishwa chini ya ateri ya basila ili usilalie chombo ukabonyea. Kata kwa ulalo, usawa wa vikonyo vya juu. Utaona mstari wa kijivu uliokunjamana ndani ya weupe, mdomo wake ukielekea kati na mbele. Ukikata katikati kabisa kwa wima utapata vermisi na ventrikali ya nne (chumba cha maji ya ubongo kilicho mbele ya serebela) vizuri, ila dentati utaikosa, iko pembeni.

Wodi7

Nyie mmemaliza ramani, mimi naleta kitanda.

Kosa la kwanza wodini ni kumpima mgonjwa akiwa amelala. Dosari ya vermisi huharibu kiwiliwili na mwendo, huku majaribio ya kugusa pua kwa kidole na kupitisha kisigino kwenye muundi yakitoka safi. Mkalishe ukingoni bila kuegemea, kisha msimamishe, kisha atembee kisigino kwa kidole. Mtu aliyekuja na "kizunguzungu na kutapika" halafu hawezi kusimama bila kushikwa, usimpe dawa ya kizunguzungu ukamruhusu.

Pombe ya miaka mingi hula sehemu ya mbele na ya juu ya vermisi, kwa hiyo miguu inayumba sana na mikono inabaki karibu sawa. Hapo hapo mpe thiamini (vitamini B1), na impate kabla ya glukosi.

Kiharusi: ateri ni tatu. PICA (ya nyuma-chini) kutoka ateri ya vertebra, AICA (ya mbele-chini) na SCA (ya juu) kutoka basila. PICA ikiziba mara nyingine inachukua na pembeni mwa medula: uso ganzi upande uleule, mwili ganzi upande wa pili, sauti na kumeza vimeharibika. CT ya mapema inaweza kuonekana safi kwa sababu mifupa minene ya kisogoni inatia michirizi kwenye picha. CT safi haimaanishi hakuna kiharusi. MRI ndiyo inayoona vizuri.

Hatari yenyewe iko siku ya pili hadi ya nne. Chumba cha nyuma cha fuvu ni kidogo, serebela ikivimba inaibana ventrikali ya nne, maji yanakosa pa kupita, na shina la ubongo linasukumwa. Dalili ya kuangalia ni usingizi. Mgonjwa aliyekuwa anaongea jana na leo anasinzia, piga simu kwa wapasuaji wa ubongo, usisubiri mboni zibadilike. Damu iliyovuja kwenye serebela ikizidi sentimita 3 hivi kwa kipenyo, au ikibana shina, nayo ni kesi yao. Na usichome sindano ya kutoa maji mgongoni ukiwa unashuku uvimbe huko nyuma: presha ya huko mgongoni ikishuka ghafla, tonsili za serebela zinateremka kwenye tundu la fuvu na pumzi inakatika.

Kwa mtoto anayetapika asubuhi, kichwa kinauma, mwendo umeanza kuyumba, fikiria medulablastoma, uvimbe wa saratani ambao hupenda vermisi na paa la ventrikali ya nne.

MD_MwakaPili

Asanteni sana wakuu, mkato wa Claude ndio ulikuwa unanichanganya. Swali dogo la mwisho: Romberg chanya si dalili ya serebela? Na konzo ya mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, ile ya Tarime na Mtwara, nayo naiweka hapa?

Wodi7

Zote mbili hapana.

Romberg inapima habari za viungo zinazopanda na safu za nyuma za uti wa mgongo. Mgonjwa huyo anasimama vizuri macho yakiwa wazi, akifumba anaanguka, kwa sababu macho ndiyo yaliyokuwa yakifidia. Wa serebela anayumba hata akiwa ameyafumbua, kwa hiyo jaribio lenyewe hukamilishi. Ukiandika "Romberg chanya, serebela" mtahini anajua hukusimama karibu na mgonjwa.

Konzo ni ya njia ya piramidi: miguu yote miwili inakakamaa ghafla, rifleksi ziko juu, anatembea kwa ncha za vidole na magoti yakigongana. Huo ni mkazo. Wa serebela anapanua miguu, misuli yake imelegea kidogo, na goti ukiligonga linabembea mara kadhaa kabla ya kutulia. Mtazame anavyoingia mlangoni na utawatenganisha kabla hujatoa nyundo mfukoni.

Chaki_na_Ubao

Na kwa kuwa umeitaja Romberg: ukishamtenga wa serebela, usisahau wa sikio la ndani. Huyo anaangukia upande mmoja, nistagmasi yake (macho kuchezacheza yenyewe) inapiga kuelekea upande mmoja tu popote anapotazama, na akikaza macho kwenye kitu inapungua. Nistagmasi inayobadili upande kulingana na anakotazama, au inayopiga juu-chini tupu, irudishe kwenye serebela au shina la ubongo mpaka picha ithibitishe vingine.