Wakuu, dhamira inabebwaje kwenye hadithi ya mfululizo bila kugeuka semina?

Kalamu ya Mtoni (mleta uzi):
Habari za jioni wakuu. Naandika hadithi ya mfululizo, naituma kwenye magrupu ya WhatsApp kila Jumatano na Jumamosi, sasa ipo sehemu ya 23. Inamhusu Zuhura, mama ntilie wa Temeke aliyechukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba ya kunyonga, bila mumewe kujua. Dhamira ninayoitaka ni deni, jinsi linavyowageuza watu wa nyumba moja mpaka wanafichana hata chenji ya sukari.

Sasa, nikiliandika deni waziwazi, wasomaji wanalalamika kwamba nimeanza kuwahubiria. Nikiliweka pembeni, hadithi inahamia kwa Bakari, kijana wa bodaboda anayemtaka Zuhura, na huko ndiko wanakoshangilia: "weka nyingine, arosto inatuua!" Mnaoandika, mnafanyaje dhamira isipotee kwenye mfululizo mrefu, hasa kwa msomaji anayepata kipande kimoja halafu anasubiri siku kadhaa?

Chaupele:
Mkuu, dhamira waachie kidato cha nne na maswali yao ya "jadili kwa kutumia hoja tatu kutoka kila kitabu". Wewe tupia Bakari. Mtu kafungua simu yuko kwenye daladala, hajaja kufanya mtihani.

Bi Mkubwa wa Chamazi:
Chaupele, mwanangu, utampoteza mwenzio.

Tuliokuwepo enzi za Radio Tanzania tunaukumbuka mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza 1993. Dhamira zake hazikufichwa hata kidogo: uzazi wa mpango na UKIMWI. Ukisikia hivyo unajua tu hapo ni semina. Lakini watu walikuwa wanamfuata Mkwaju, dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye wanawake huko njiani, mpaka ugonjwa ukamkuta. Na haikuwa burudani tupu. Dodoma haikurushiwa mchezo huo mpaka 1995, kwa hiyo watafiti walipata pa kulinganishia, wakakuta uzazi wa mpango umepanda zaidi kule ulikosikika.

Njia waliyoifuata ni ya Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia za TV wa Mexico. Wahusika wake wako mafungu matatu: wanaofuata jema, wanaolipinga, na wanaoyumba katikati. Msomaji anakaa na hao wanaoyumba, kwa sababu hajui wataangukia wapi. Sasa niambie, kwenye hadithi yako nani anayumba? Zuhura ameshakopa, mkopeshaji ni katili tangu sehemu ya kwanza, mume hajui kitu. Kama hakuna anayeyumba, lazima mwandishi ajitokeze aseme mwenyewe, na hapo ndipo wanapokwambia unahubiri.

Hesabu ya Bosi:
Mimi si mwandishi, naendesha boda. Nina swali moja tu. Hiyo pikipiki ya Bakari ni ya nani?

Maana kama ni ya mkataba, naye ana deni kama Zuhura. Kila jioni hesabu ya bosi inatakiwa, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka mkataba uishe chombo kiwe chako. Siku anayompeleka Zuhura Coco Beach na kumnunulia mihogo, hesabu haitimii. Mapenzi yote hayo anayafanyia kwenye pikipiki ya mtu.

Kalamu ya Mtoni:
Bi Mkubwa, shikamoo. Hesabu, umenipa sehemu ya 24 bure kabisa. Kumbe wa kuyumba nilikuwa naye.

Mhariri wa Zamani:
Hesabu kamaliza kazi, naongeza la ufundi. Msomaji wa mfululizo anasahau. Ya Jumatano iliyopita imeshafunikwa na meme na matangazo ya harusi. Kwa hiyo dhamira ipe kitu kinachoonekana, kirudi kila baada ya sehemu chache mikononi mwa mtu tofauti. Charles Dickens alipotoa Bleak House kwa vipande vya kila mwezi, 1852 hadi 1853, aliweka kesi moja ya mirathi iliyogusa karibu kila mhusika, tajiri kwa maskini, na ilipokwisha mali yote ilikuwa imeliwa na gharama za kesi yenyewe. Mtu akisahau nani ni ndugu wa nani, kesi bado anaikuta palepale.

Wewe una siku ya marejesho. Itumie hivi:

*Ijumaa, saa nne asubuhi. Viatu vya wanakikundi vimejaa mlangoni. Zuhura yuko uani nyuma ya pipa la maji, kauma pindo la khanga. Mwanawe wa miaka sita anafungua mlango.*
*"Mama kasema hayupo."*
*ITAENDELEA*

Neno "deni" halimo humo, na hakuna atakayeuliza hadithi inahusu nini. Usiongeze hata sentensi moja ya kueleza.

Bi Mkubwa wa Chamazi:
Hapo kwa mtoto pamenigusa. Ila mhariri, usiishie kwenye kichekesho. Sehemu inayofuata mtoto huyohuyo amdanganye baba yake, kwa sauti ileile, na safari hii asiwe ametumwa na mtu.

Chaupele:
Haya, nimekubali nusu. Ila kama Zuhura atakimbia kwenda kwa mganga halafu pesa zitokee, mimi najitoa kwenye grupu. Zimezidi hizo.

Kalamu ya Mtoni:
Mganga hayumo. Kuna wasomaji wanaomtaka jini tangu sehemu ya 10, nimewanyima.

Chaupele:
Na Bakari asife.

Kalamu ya Mtoni:
Hafi. Pikipiki ndiyo inachukuliwa.