Mtoto katoka Zambia, dei kea ya Dodoma imemshinda. Nimbadilishie shule?

Mama C wa Ilazo
Habari zenu wapendwa. Nina kijana wa miaka miwili na miezi kumi. Kazaliwa Ndola, baba yake Mzambia, mimi mtu wa Morogoro. Mume kapata kazi Dodoma, tukavuka Tunduma na mizigo yetu, tumepanga Ilazo. Januari nikamwanzisha kituo cha jirani ili nami nitafute kazi.

Nyumbani haongei, anahubiri! Kibemba na Kiingereza juu kwa juu, Kiswahili anakisikia kwangu tu. Akifika pale kimya. Asubuhi akiliona begi anajifunga kwenye pazia. Jioni suruali imelowa, chupa ya maji imejaa kama nilivyoijaza. Mlezi mmoja kaniambia mtoto ana kiburi, akiitwa haitiki. Mume anataka tumpeleke shule ya Kiingereza, na ada yake inatisha. Mama mkwe naye anapiga simu kutoka Ndola, mjukuu arudishwe kwake. Nishaurini.

Mgogo Halisi
Mbukwenyi! Karibu makao makuu. Mwache alie, atazoea, wetu wote walilia. Chakula hakitampa taabu, Wazambia nao ni watu wa ugali. Mwongezee mlenda tu.

Bint Kondoa
Mgogo Halisi, wenu walilia kwa Kiswahili wakaeleweka. Huyu akiomba maji wanadhani anadeka.

Mwalimu wa Awali
Pole mama. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016, darasani sikosi mtoto mgeni. Anayeongea vizuri nyumbani akanyamaza shuleni hana kiburi, anasikiliza kwanza, na inaweza kuchukua miezi. Angekuwa kimya na nyumbani ningekwambia akapimwe masikio.

Anza na maji na choo. Andika kwenye karatasi maneno anayoyatumia yeye: maji, choo, njaa, naumwa, mama anakuja. Pembeni weka Kiswahili chake, ibandikwe ukutani walezi waione. Apelekwe chooni kabla ya uji na kabla ya kulala, wasisubiri aombe. Na anayempokea asubuhi awe mtu mmoja, siyo leo huyu kesho yule.

Halafu usimwachie siku nzima kwa sasa. Kaa pale kwenye benchi, usicheze naye. Acha aende kwenye michezo, arudi kukugusa goti, aende tena. Akizoea, muage na uondoke hata kama analia. Wanaochomoka kimyakimya mtoto akigeuka ndio wanaojitafutia balaa, kesho yake haachii gauni. Mwambie utarudi baada ya uji, na kweli uji ukiisha akuone mlangoni. Saa haijui, uji anaujua.

Baba Wawili Kisasa
Shule ya Kiingereza haitasaidia. Mwalimu ataongea Kiingereza, sawa, lakini kwenye bembea watoto wa mji huu ni Kiswahili tu, hata wakiwa na tai shingoni. Hiyo ada itunze.

Mimi hofu yangu ni kituo. Kina leseni? Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe. Muulize ofisa ustawi wa jamii. Mtu anayemwona mtoto wa miaka miwili ana kiburi ningependa kujua kasomea wapi malezi.

Bint Kondoa
Na umvalishe suruali ya lastiki. Mkanda na kifungo ndivyo vinavyowalowesha, mpaka mlezi amfungue mambo yameshaharibika.

Mama C wa Ilazo
Jamani asanteni. Hilo la suruali wala sikuliwaza, anavaa jinzi za kifungo kila siku! Sasa Kibemba nyumbani tukiache?

Mwalimu wa Awali
Hapana. Baba aendelee na Kibemba chake, wewe shika Kiswahili. Akikujibu Kibemba usimkatalie, endelea tu na Kiswahili. Mkikiacha ataongea nini na bibi yake wa Ndola?

Mgogo Halisi
Haya, nimenyamaza. Ila mlenda msiusahau.

Mama C wa Ilazo
Mrejesho: nimeonana na mkuu wa kituo, kakubali niwe nakaa naye mpaka wakimaliza uji. Karatasi ipo ukutani karibu na ndoo ya maji. Leseni kanionyesha. Yule mlezi bado ananuna, ila mtoto kapangiwa dada mwingine, mpole kweli. Leo chupa imerudi nusu. Shule ya Kiingereza tumeiweka kando, mume kakubali kwa shingo upande. Kuna mwenye mtoto wa umri huo huku Ilazo, waje kucheza Jumamosi?

Bint Kondoa
Niko Ipagala, nina wa miaka mitatu, mdomo hauna breki. Njoo inboksi.