Mume kaenda vitani, mke kashusha pumzi: riwaya yangu ya Kilosa, 1978

Binti wa Reli, Tabata

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Naandika riwaya ya mume na mke wa Kilosa mjini, kuanzia mwisho wa 1977 hadi 1981. Naiandika usiku watoto wakishalala, na sasa imefika mahali inagoma. Nawahitaji walioishi miaka ile, au waliosimuliwa kwa kirefu na wazazi wao.

Mume nimemwita Rajabu, karani wa stoo kwenye shamba la mkonge. Mke ni Mwanaidi, anauza vitumbua stesheni treni ya bara ikisimama na abiria wakichungulia madirishani. Ndoa yao ilishaoza kabla Amin hajavuka mpaka. Rajabu anapiga. Hapigi kila siku, na hilo ndilo linalommaliza Mwanaidi, kwa sababu hajui leo ni siku gani. Amejifunza kusikiliza baiskeli. Ikiegemezwa ukutani taratibu, usiku utapita salama. Ikitupwa, anawaamsha watoto na kuwapitisha uani kwa jirani kabla mwenye nyumba hajaingia.

Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yanaingia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu anahutubia taifa, jirani kaweka redio dirishani, watu wamesimama barabarani wanasikiliza: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Rajabu alishapitia mgambo, anaitwa. Mwanaidi anamfungashia nguo na kumsindikiza stesheni. Wanawake wengine wanalia, naye analia kwa kuwa mawifi wanamtazama. Akirudi nyumbani anafunga mlango, anatandika mkeka na kulala mchana kweupe. Usingizi wa namna hiyo hajaupata tangu aolewe.

Ugomvi uko hapo. Waliosoma rasimu wananiambia huyu mwanamke hapendeki. Nchi iko vitani, mume yuko mstari wa mbele, yeye analala! Mmoja kanishauri nimwongezee majonzi. Mwingine anataka Rajabu afie huko huko, ili mke apate msiba na kutubu.

Sitaki kuandika hivyo. Naamini kabisa kwamba walikuwepo wanawake ambao vita vile viliwapa mapumziko, na hawakuulizwa, kwa sababu hadithi ya vita tulishaigawa zamani: mwanamume anapigana, mwanamke anasubiri. Mwanamke aliyesubiri huku akiomba siku zisogee polepole hatujampa hata ukurasa. Nataka msomaji akae naye kwenye ule mkeka bila kumhukumu, na Rajabu naye abaki mtu, asigeuke zimwi.

Basi nisaidieni. Mke aliyebaki mji mdogo alipataje habari? Bara hatukuwa na televisheni hadi miaka ya tisini, kwa hiyo nimemwekea Redio Tanzania, gazeti la Uhuru likishushwa na treni, na maneno ya watu. Barua zilisemaje? Je, angeweza kudai talaka mume akiwa vitani? Na huyo anayerudi, ni mtu gani? Vita viliisha Juni 1979, lakini baadhi ya wanajeshi wetu walibaki Uganda hadi 1981, na Rajabu nimemfanya mmoja wao.

Mama Mkubwa, Temeke

Marahaba mwanangu.

Mimi nilikuwa Morogoro mjini, nimeolewa, nina mtoto mgongoni. Mume wangu alikwenda akarudi, na alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini ukuta wa pili alikaa Mwanaidi wako mtupu.

Mumewe alipoondoka alinenepa. Watu wakamsema, maana wakati ule ilikuwa vigumu kunenepa: sukari foleni, sabuni foleni, ukisikia duka la ushirika limeshusha khanga unaacha chungu motoni unakimbia. Yeye alinenepa kwa uji wa chumvi. Na akaanza kuimba akifua. Balozi wa nyumba kumi alipopita kuchangisha vyakula vya jeshi, sisi tulitoa mchele kidogo kidogo, yeye akatoa jogoo. Tukasema jamani, mwenzetu anampenda mumewe. Miaka mingi baadaye, wote tukiwa wazee, aliniambia alimtoa yule jogoo kwa hofu. Alidhani furaha yake inaonekana usoni.

Barua zilikuwa fupi. Sijambo, wasalimie watoto, mwambie mama aniombee dua. Alipo haandiki. Sisi hatukuogopa barua. Tuliogopa kumwona balozi kavaa vizuri mchana wa siku ya kazi, kafuatana na mtu wa serikali. Hapo mtaa wote mikono inasimama, kila mtu anangoja kuona wanaingia mlango upi.

Mwanangu, mweke Mwanaidi mlangoni siku hiyo. Wanakuja, wanakuja, wanampita, wanaingia kwa jirani. Mwandike anachokisikia kifuani pale walipokuwa hawajampita bado. Kama kuna nafsi yake iliyotaka wasimame kwake, iandike hivyo hivyo, usiipake sukari. Halafu dakika hiyo hiyo anasikia jirani yake anapiga yowe, na anakimbilia kumshika. Nakwambia hapo watampenda.

Jambo jingine. Yule jirani hakuletewa maiti. Wengi waliokufa kule wamelala Kaboya, Muleba, huko huko Kagera. Wajane wa huku wengine wamezeeka hawajaliona kaburi. Usiandike mazishi Kilosa.

Wakili wa Ilala

Dada, swali la talaka ni zuri kuliko unavyodhani.

Sheria ya Ndoa ni ya 1971, kwa hiyo Mwanaidi anayo. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba mwenzi hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata mila ikisema vingine. Kipigo cha Rajabu kilikuwa kinyume cha sheria mwaka 1978 kama kilivyo leo. Kama kuna mtu Kilosa aliyemwambia Mwanaidi hivyo, hilo ni suala lako mwandishi.

Talaka ni lazima ipite mahakamani, na kabla ya mahakama kuna Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kwa Waislamu mara nyingi ni baraza la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Kutelekezwa miaka mitatu ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika, lakini iwe kwa makusudi, na askari aliyeitwa na taifa hajamtelekeza mtu. Kinachombakia ni ukatili. Sasa fikiria wazee wa baraza mwanzoni mwa 1979, majeshi yetu yameshika Masaka, kule Uganda, mwezi Februari, redio inaimba ushindi, na mbele yao kasimama mwanamke anamshitaki mpiganaji asiyekuwepo kujitetea. Wala hawatamfukuza. Watamkaribisha kiti, watampa pole, watamwambia arudi vita vikiisha. Sura hiyo usiirukie.

Halafu nyumba. Mpaka Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, majaji walikuwa wanapingana kama kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1981 jibu lilitegemea umeangukia kwa jaji gani. Kwa hiyo mpe Mwanaidi mchango unaoshikika. Pesa ya vitumbua inunue mabati mume akiwa Uganda, na risiti aitunze.

Mtoto wa Mgambo, Mbagala

Mimi nakupinga, na nakupinga kwa uchungu.

Baba yangu alipanda treni hiyo unayoitaja. Mwanza wakaingia melini, Bukoba wakashuka kwenye mvua. Daraja la Kyaka lilikuwa limeshalipuliwa na adui. Kutoka mpakani hadi Kampala, Aprili 1979, sehemu kubwa ya njia walikwenda kwa miguu. Alirudi mtu wa maneno machache na mama alimstahi hadi alipofariki. Hatukusimuliwa na mtu yeyote alichokiona kule. Watu hawa wameandikwa kidogo mno, halafu wewe unaanza na mpiga wake. Wajukuu wao watabaki na picha gani?

Najua utaandika tu. Basi nakuomba: usiandike kwamba vita vilimharibu Rajabu. Umesema mwenyewe alikuwa anapiga kabla. Ukivisingizia vita utakuwa umewatukana waliokwenda watu wema wakarudi watu wema. Wala usimrudishe ametakasika, analia, anaomba radhi kwa sababu ameona kifo. Mpe ujasiri wake wote kule, ambebe mwenzake mgongoni kama ni lazima, kisha arudi nyumbani na mkono ule ule.

Mjukuu wa Gairo, Kimara

Niingize la kwetu. Kwa Wakaguru, na kwa Waluguru pia, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kama Mwanaidi ni wa huko, watoto ni wa ukoo wake, si wa Rajabu. Kwenye maelezo yako mawifi wamejaa na mjomba hayupo. Yuko wapi? Kama amekufa, sema. Kama yupo na amenyamaza miaka yote hiyo, kunyamaza kwake ni kosa kubwa na lazima kuwe na sababu yake, labda deni, labda kazi Rajabu aliyompatia shambani. Mwanamke wa Kilosa hawezi kuwa mpweke hivyo bila mtu aliyemwacha peke yake.

Binti wa Reli, Tabata

Nimewasoma wote, na nimewasoma tena.

Mama Mkubwa, nashukuru sana. Mlango ule nauandika leo leo, kabla sijalala. Na jogoo nakuomba ruhusa nimchukue, nitambadilisha awe kitu kingine ili jirani yako asijulikane.

Mjukuu wa Gairo, mjomba atakuwepo. Umenipa deni, na deni linafafanua kwa nini hakuna aliyekuja kumtoa Mwanaidi pale. Nitamweka mjomba kwenye mizani ya mkonge, Rajabu ndiye aliyemwingiza.

Kaka wa Mbagala, pole kwa mzee. Hilo la kutomsingizia askari kwa vita, wala kumtakasa kwa vita, nalikubali lote. Nitampa Rajabu sura za Masaka na Kampala ambazo nilikuwa nimeziruka, na atakuwa shujaa wa kweli ndani yake. Lakini Mwanaidi siwezi kumwondoa ili picha ya mashujaa ikae sawa. Watoto waliopitishwa uani usiku nao ni wajukuu wa mtu. Rajabu atashuka stesheni 1981, mji mzima utampokea kwa vigelegele na haki yake ni kupokewa, na Mwanaidi atapiga vigelegele pamoja nao. Wiki hiyo hiyo atarudi kwa wale wazee waliomwambia asubiri vita viishe.

Wakili, bado nina swali. Mabati nimeshayapandisha juu ya nyumba. Sasa ile risiti, karani wa duka la ushirika wa wakati ule angeandika jina la nani, la aliyeleta pesa au la mwenye nyumba? Nikiandika la Rajabu, mahakamani Mwanaidi hana kitu mkononi.

Wakili wa Ilala

Andika la Rajabu, ndivyo wengi walivyokuwa wakiandika. Kisha mtafute yule karani, umlete kizimbani awe shahidi wake.