Kupita folda hadi folda kwenye programu ya kutazama picha: JPEGView, XnView MP, IrfanView au feh?

mpigapicha_moro: Wakuu, habari za jioni. Napiga harusi, na kazi moja huja na folda nne tano: kitchen party, sendoff, kanisani, ukumbini, familia. Kila moja ina picha mia tatu na kuendelea. Kuchuja ndiko kunakonimaliza. Nikifika picha ya mwisho narudishwa ya kwanza, inabidi nifunge, nitafute folda nyingine, nianze tena. Nataka mshale uleule univushe. Laptop ni kuukuu, RAM 4 GB, Windows 10. Mnatumia nini?

fundi_kebo: JPEGView, mkuu. Ni nyepesi. Ukiwa umefungua picha bonyeza F9, itapita folda zote za ngazi moja na hiyo uliyomo: ukimaliza moja, mshale unaingia ya jirani. F8 inashuka kwenye folda zilizomo ndani. F7 inakubakiza kwenye folda moja, hali ya kawaida.

bint_makorora: F9 naijua, na ndiyo maana siipendi kwenye kufuta. Unabonyeza mshale huku macho yamechoka, hujui umevuka saa ngapi. Mimi na XnView MP: mti wa folda kushoto, vijipicha katikati. Ni mbofyo mmoja zaidi, ila naona nilipo. Sema ni bure kwa matumizi binafsi. Wewe unalipwa, kwa hiyo leseni inakuhusu.

babu_wa_pikseli: IrfanView, tangu enzi za Windows 98. Bonyeza T, dirisha la vijipicha linafunguka na mti wake wa folda.

bint_makorora: Babu, shikamoo. Leseni ni hadithi ileile, bure ni kwa asiyefanya biashara.

babu_wa_pikseli: Marahaba. Hapo umenikamata.

terminali_tu: Kwa wa Linux, feh. Andika `feh -r --sort filename Harusi` (Harusi ni folda kuu yenye zile nyingine ndani), kisha ] inakurusha folda inayofuata na [ inakurudisha ya nyuma. Huna haja ya kumaliza picha zote 800 ndipo uvuke. Haina mti wala vitufe vya kubofya. Asiyezoea kuandika amri ataikimbia.

mpigapicha_moro: Nimejaribu F9 usiku huu. Kasi safi, laptop haijalalamika. Ila nimecheka: kanisani imetangulia, halafu kitchen party! Bibi harusi keshavishwa pete, mara yuko na mashangazi anafundwa.

fundi_kebo: 😂 Imefuata alfabeti. Weka namba mbele: 01_kitchen, 02_sendoff, 03_kanisani. Tumia tarakimu mbili, siku ukifika folda ya kumi utanishukuru.

bint_makorora: Na faili zenyewe zipe vifupisho, KP_, SO_, KN_. Ukibonyeza F2 JPEGView inaonyesha taarifa za picha pamoja na jina la faili, kwa hiyo utajua uko folda gani kabla hujafuta. Kwa sharti hilo F9 naikubali.

mpigapicha_moro: Nimebadilisha majina yote. Nachuja kwa JPEGView, sifuti kitu. Mbovu nazihamishia folda ya 99_mbovu, nitazitazama tena asubuhi. Hiyo XnView nitaipima nikishalipwa hii harusi, maana kamati bado inanizungusha.