Ukoo wa Chumbageni: Bibi atalala wapi?

*Jumapili, 15 Machi*

Zuhura: Asalaam alaikum ukoo. Futari imeshuka? Basi tumalize ile habari ya kambi ya Septemba. Bibi anaingia Los Angeles Agosti na nimeshamwahidi atalala pwani usiku mbili. Kambi za jimbo la California zinafungua nafasi miezi sita kabla, saa mbili asubuhi kamili. Tukitaka Ijumaa tarehe 18 Septemba, mtandaoni ni Jumatano hii. Za wikiendi zinaondoka kama vitumbua vya asubuhi.

Kassim: Dockweiler! Karibu na kwangu, mchanga uko mlangoni, na kuna mashimo ya kuwashia moto pale pale ufukweni.

Mjomba Athumani: Dockweiler ni ya RV tupu. Hema hawapokei. Wewe utalala chini ya gari?

Kassim: 😩

Mjomba Athumani: Tena ile ni ya kaunti, si ya jimbo, nafasi zake zinatafutwa kwingine. Na iko chini ya njia ya ndege zinazoruka kutoka uwanja wa LAX. Bibi atadhani anarudishwa Tanga.

Mama Latifa: Bolsa Chica je? Huntington Beach kule. Umeme na maji unachomeka hapo hapo.

Zuhura: Nayo RV tupu, shangazi. Nimeiangalia jana. Sisi tuko 11, RV ya kukodi haituchukui sote hata tukilala kama dagaa. Vijana lazima wawe kwenye mahema.

Bibi (Tanga): 🎤 Nimeamka, nimeshasali. Shikamoo zenu zimenipita humu sijaziona. Arivii ndiyo nini?

Zuhura: Shikamoo Bibi 🙏🏾

Kassim: Shikamoo Bibi!

Mama Latifa: Shikamoo mama.

Bibi (Tanga): 🎤 Marahaba, marahaba. Haya, arivii.

Mjomba Athumani: Shikamoo mama. Ni gari kama kibasi, ndani kuna kitanda, jiko na choo. Unaliegesha porini unalala.

Bibi (Tanga): 🎤 Nivuke bahari mbili nije kulala kwenye basi, na Zuhura ana vyumba vitatu?

Kassim: 😂😂😂

Zuhura: Bibi, bahari iko pale pale. Utaamka na mawimbi.

Bibi (Tanga): 🎤 Na mimi hapa naamka na nini?

Mjomba Athumani: Mama katushinda. Tuendelee. Mimi nasema Leo Carrillo, mwisho wa Malibu. Inapokea mahema na RV, ina vyoo vya kuvuta maji na mabafu ya kulipia. Viwanja viko bondeni chini ya miti mikubwa, upepo wa bahari haukupigi moja kwa moja. Unapita chini ya barabara kuu, unatokea ufukweni. Kuna na majabali.

Kassim: Thornhill Broome iko mbele kidogo tu na hema unapiga mchangani kabisa. Picha zake, acha tu.

Mama Latifa: Bafu?

Kassim: Aaah… la maji moto hakuna. Choo ni vile vibanda vya dawa.

Mama Latifa: Basi mpigie picha Bibi akitoka kwenye hicho kibanda, utume hapa.

Kassim: Nimefuta pendekezo 🏃🏾‍♂️

Mama Latifa: Mimi nina swali la maana. Leo Carrillo ina umeme wa kuchomeka? Insulini ya mama haiwezi kukaa kwenye joto la gari.

Mjomba Athumani: Umeme hakuna, maji ya kuunga hakuna. Lakini friji za RV nyingi zinakwenda kwa gesi. Nitakodi yenye friji ya hivyo, nijaze tangi la maji kabla hatujatoka, na majitaka tunamwaga wakati wa kuondoka, pana mahali pake. Jenereta inaruhusiwa saa nne asubuhi mpaka saa mbili usiku tu, kwa hiyo asije mtu na taa zake za harusi.

Mama Latifa: Na barafu kwenye boksi, kwa tahadhari. Hilo naleta mimi.

Zuhura: Kiwanja kimoja mwisho watu 8. Kwa hiyo tunachukua viwili. Mjomba, ile RV uliyonitumia ina futi 34. Mwisho pale ni 31.

Mjomba Athumani: Umeiona hiyo? Nilitumaini hutaiona. Haya, ya futi 25.

Zuhura: Na tusirudie ya mwaka jana, kambi ile siitaji jina. Tulipiga hema penye mteremko, umande ukaingia, asubuhi godoro la Kassim liko kwa jirani.

Kassim: Jirani alinipa kahawa. Sina malalamiko.

Mama Latifa: Pilau tutapikia kuni?

Mjomba Athumani: Jiko la gesi lije, lazima. Septemba nyasi zimekauka. Pale pale Leo Carrillo moto wa Woolsey ulipita 2018, wakikataza moto wa kuni siku hiyo hakuna mjadala. Na kuni msibebe kutoka nyumbani, kuna mdudu anayesafiri ndani ya magogo anaua mialoni. Zinanunuliwa huko huko.

Bibi (Tanga): 🎤 Mmesema majabali. Kome wapo?

Mjomba Athumani: Wamejaa mama, weusi, wakubwa. Lakini kuanzia tarehe 1 Mei mpaka 31 Oktoba ni marufuku kuwachuma kwa kula. Wanakuwa na sumu inayotoka kwenye vijimea vya baharini, na hata uchemshe haitoki. Tunatazama tu.

Bibi (Tanga): 🎤 Kutazama kome. Haya. Hiyo tarehe 18, mwezi utakuwa wa ngapi?

Zuhura: Septemba ni mwezi wa tisa, Bibi.

Bibi (Tanga): 🎤 Siulizi huo. Mwezi wa juu.

Kassim: Ngoja niangalie kalenda… Mwezi saba, yaani siku ya saba ya Mfungo Saba.

Bibi (Tanga): 🎤 Maji mafu hayo! Mnanipeleka kwenye majabali siku ya maji mafu nikatazame nini? Bahari haitoki. Subirini mwezi kumi na nne, bamvua, maji yakipwa mwamba unabaki wazi. Nyinyi mmekulia wapi?

Mjomba Athumani: 😶

Kassim: Subhanallah. Kweli, tarehe 18 ni robo ya kwanza. Mwezi mpevu ni tarehe 26, Jumamosi.

Mjomba Athumani: Huku maji mawili ya siku hayalingani mama, moja linakupwa sana, jingine kidogo. Lakini bamvua ni bamvua. Mama yuko sahihi.

Zuhura: Basi Ijumaa tarehe 25 Septemba. Tunabuku Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 25 Machi. Idd itakuwa imepita, hakuna kisingizio cha usingizi wa daku. Mimi natafuta kiwanja cha RV, Kassim cha mahema. Saa mbili kamili.

*Jumatano, 25 Machi*

Zuhura: 7:58. Kassim uko macho?

Kassim: Simu mbili na kompyuta.

Zuhura: NIMEPATA

Kassim: Nilichochagua kimeondoka mkononi. Narudia.

Kassim: Nimepata! Si jirani na chako lakini. Katikati kuna viwanja vitatu vya watu.

Mama Latifa: Vyoo viko upande wa nani?

Kassim: Wangu 😎

Mjomba Athumani: Basi RV inahamia kwako, vijana kwa Zuhura. Saa nne usiku ni kimya, msije kupiga kelele mkipita kwa watu.

Bibi (Tanga): 🎤 Huku saa kumi na mbili jioni, nimetoka kununua samaki. Mmepata? Haya. Hilo basi, ngazi zake ngapi?

Mjomba Athumani: Naenda kuzihesabu kesho mama.